Kiingereza chako kinasikika kama kinasomwa? Tutafute tatizo liko wapi

Kabla hujalipia kozi nyingine ya Kiingereza fanya kitu kimoja, toa simu, fungua rekoda, ongea dakika moja tu kwa Kiingereza uelezee ulivyotoka nyumbani leo mpaka ulipofika, ulipanda daladala gani, ulikaa au ulisimama, foleni ilikuwaje. Usiandike kwanza, we ongea. Alafu iache, usiisikilize sahivi, tutairudia huko chini. Nasema hivyo kwa sababu wengi wanaonifata wanasema "matamshi yangu mabaya" na ukimuuliza mabaya vipi hajui, ni kama mtu anapeleka gari gereji anamwambia fundi "gari bovu" basi kanyamaza. Fundi lazima akuulize inalia wapi, ikiwa ya baridi au ikishachemka.

Mi nipo mapokezi kwenye hoteli moja ya mjini, mwaka wa tisa huu, na jioni tunakaa watu watano sita kibarazani Sinza tunafanya mazoezi ya kuongea. Sina cheti cha ualimu. Ila makosa nimeyasikia mengi, mengine nimeyafanya mwenyewe mbele ya wageni, na nikiyafatilia karibu yote yanaishia palepale: Kiingereza tulikipata kwa macho. Msingi umesoma Kiswahili, unaingia form one ghafla kila kitu Kiingereza, na hicho Kiingereza kipo ubaoni na kwenye daftari, mwalimu naye alikipata kwenye daftari la mwalimu wake.

Wazee hawakuwa hivyo. Chukua Kariakoo. Jina limetoka kwenye "Carrier Corps", wapagazi wa jeshi la Waingereza kipindi cha Vita ya Kwanza ya Dunia, kambi yao ilikuwa pale. Sasa hebu lisome hilo neno la pili kwa macho ya form two, utasema "kopsi". Mwingereza anasema "koo", p haipo, s haipo, hata r haisikiki. Wazee herufi hawakuziona, walisikia tu, wakasema Kariakoo, na walipatia kuliko sisi wenye vyeti. Nairobi wanalo neno hilohilo, wao wakaibakiza r, Kariokor. Angalia na "kabati", hamna p ndani, na kweli p ya "cupboard" wenyewe hawaitamki. Picha, meneja, dereva, zote hizo ziliingia kwa sikio.

Haya, twende kwenye dalili. Usijitibu zote, tafuta yako.

Ukisoma unaelewa kila kitu, wakiongea husikii hata robo

Muvi ikiwa na sabutaito uko vizuri, ukizitoa ni mvua juu ya bati. Watu wanajua ni msamiati wakaanza kukariri kamusi, lakini hebu mpe huyo mtu maandishi ya kilichosemwa, maneno yote anayajua tangu form one! Tatizo ni kwamba unasubiri nafasi katikati ya maneno kama zilivyo kwenye karatasi, na mdomoni hizo nafasi hazipo. "Check it out" ukisikiliza ni "che-ki-taut". "Turn it off" ni "te-ni-tof". Konsonanti ya mwisho inahama inaenda kukaa na irabu ya neno linalofata, na wewe uliyekuwa unasubiri neno "off" unasikia "tof", unaanza kujiuliza tof ni nini, ukija kushtuka jamaa yuko sentensi ya tatu.

Sasa angalia hizo silabi. Che, ki, te, ni. Konsonanti na irabu, konsonanti na irabu, hizo si ndo silabi zetu! Yaani Kiingereza kikiunganishwa kinasogea kuja kwetu, na mtu anayekisema kimoja kimoja, "check", anatulia, "it", anatulia, "out", ndo anajipa kazi ngumu. Hii kitu ilinichukua miaka kuiona na sijawahi kumsikia mwalimu wa darasani akiitaja.

Na usifikiri wenyewe hawachanganyikiwi. "Apron" zamani ilikuwa "napron", watu wakasikia "a napron" wakaikata pasipo pake, n ikahamia upande wa pili, leo ni "an apron" na imeshakuwa sahihi. "Umpire" ilipata ajali hiyohiyo. Na sisi "keep left" tukaisikia kipilefti, tukaona ki- imekaa mbele vizuri, basi zikiwa mbili ni vipilefti, nani atatuambia kitu.

Kiswahili chenyewe kinafanya hivyohivyo kila siku ila hatujioni. Mgeni aliyejifunza kitabuni anajua "nimekwisha kukuambia", akishuka Ubungo anakutana na "nshakwambia". Saa hivi imekuwa sahivi, twende zetu ni twenzetu, nitakupigia ni ntakupigia. Huyo mgeni akilalamika kwamba mnaongea haraka utamcheka, na we ndo unavyolalamika.

Dawa yake ni imla, ile ya shule ya msingi, ila ya sekunde kumi. Tafuta klipu ya watu wanaopiga stori, sio msoma habari maana yule anasoma. Sikiliza kipande cha sekunde kumi mara tano, andika kila neno, palipokushinda weka kistari. Ndo sasa washa sabutaito ulinganishe, ila hakikisha zimeandikwa na mtu, zile zinazojiandika zenyewe nazo zinakosea. Utashangaa vistari vyako vimekaa sehemu zilezile: "of", "to", "have", "him", "a". Kijana mmoja kwetu kila penye "tell him" alikuwa anaandika "tell them", na namwelewa, h ya "him" ikidondoka inabaki "telim", na "tell them" ya haraka inatoka "telem". Sio kiziwi. Alikuwa amesogea sana, kilichobaki ni kujua kwamba h inaruhusiwa kudondoka. YouTube ukipunguza spidi mpaka 0.75 sawa, chini ya hapo sauti zinavutika mpaka kile unachokitafuta hakionekani.

Sarufi iko sawa ila unaambiwa "sorry?" kila baada ya sentensi mbili

Hapa kuna sababu mbili na dawa zake tofauti kabisa.

Ya kwanza ni zile i na u za mkiani. Mdomo uliotengeneza shati, benki, basi, glasi, soksi ndo huohuo unaoongea leo, haupendi neno liishie konsonanti, kwa hiyo "I want that book" inatoka "ai wanti dhati buku". Kwenye neno moja hakuna anayejali. Kwenye sentensi nzima umeongeza silabi tatu ambazo hazipo na msikilizaji anahangaika kuzitafutia kazi. Kipimo: weka mgongo wa mkono chini ya kidevu, sema "bank". Kidevu kinatakiwa kishuke mara moja. Kikishuka mara mbili umesema benki.

Watu wakishagundua hili wanaanza kuikata konsonanti kwa nguvu, na ndo i inavyotoka zaidi, kwa sababu ukiachia pumzi ya nguvu lazima kitu kifate. Fanya hivi. Kama neno linalofata linaanza na irabu, mkabidhi, "want it" iwe "won-tit", i ya ziada haina pa kukaa tena. Kama linaanza na konsonanti, funga usifungue. "Stop talking", midomo inafunga kwa p na inabaki imefungwa, hupulizi kitu, unaenda zako kwenye t. Utahisi kama umemeza herufi. Imeze tu, na wao wanaimeza.

Sababu ya pili ni mkazo. Kwetu mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, ndo maana hatuufikirii kabisa. Wachache wanaoasi unawajua, kama "barabara" ile ya sawasawa, ambayo ukisogeza mkazo inageuka barabara ya magari. Sasa Kiingereza ni barabara kila neno. "Development" tunaipeleka develOPment, wao mzigo uko kwenye VE. "Comfortable" tunasema "komfoTEbo" na wao ni "KAMF-ta-bl", silabi tatu. "Wednesday" ni mbili. Neno ukilikosea mkazo unaweza kuwa umepatia sauti zote na mtu bado anakukodolea macho.

Kuna dada kwenye kibaraza chetu ana duka Kariakoo, anaagiza kava za simu China, na maelewano yote kwa simu. Siku hiyo kaagiza katoni 15. Ikaja ankara ya katoni 50. Akarudi kibarazani amewaka, anasema yule Mchina mwizi. Nikamwambia dada hebu rudia ulivyomwambia. Akasema. Tukaangaliana wote, hakuna aliyesikia tofauti! Neno "fifteen" lina silabi mbili, Kiswahili kinakwambia mkazo weka ya pili kutoka mwisho, ambayo hapo ndo ya kwanza, basi akasema FIFtin, mkia mfupi, n yenyewe kama haipo. Hiyo kwenye simu ni "fifty". Ikisimama peke yake inatakiwa fifTIIN, nyuma nzito na ndefu. Na kuna mtego, nomino ikifata, "fifteen cartons", hata Waingereza mkazo wanausogeza mbele, kinachookoa hapo ni urefu wa iin na ile n. Ndo maana wenye lugha wenyewe kwenye simu utawasikia wanaongezea "one five". Tukamfundisha hiyo, na kutamka kwake tukaendelea nako taratibu.

Wanakuelewa, ila unaongea kama tangazo la stendi

Kila neno zito, kila neno na kiti chake. Kwenye Kiswahili silabi zote zinalipa nauli sawa. Kiingereza ni daladala yenye watu wazima na watoto, watu wazima wanakaa kwenye siti, watoto wanapakatwa. Maneno yenye habari ndo watu wazima. "To", "of", "for", "and", "at", "was", "can", hao ni wa kupakatwa, irabu yao inalegea inakuwa kisauti kifupi cha kivivu katikati ya a na e, mdomo hujafungua vizuri wala hujafunga. Hiyo sauti haina herufi yake na ndo irabu inayotumika kuliko zote kwenye Kiingereza, sasa we niambie utaijuaje kwa kusoma. "A cup of tea" ni "a-kapa-tii". "Fish and chips" ni "fishnchips". "I have to go" inatoka "ai hafta gou".

Na ukiyapa uzito hayo madogo, usifikiri unakuwa tu mtu wa taratibu anayeeleweka. Kuna siku babu mmoja wa Kimarekani anataka kulipa, saa saba mchana, akaniuliza kama tunapokea keshi tu. Nikataka nimjibu vizuri, kwa heshima, nimkazie aelewe: "No sir, you CAN pay by card." Nikatabasamu kabisa. Babu akaitikia kichwa, akachukua kofia yake, akatoka. Mi nikajua kaenda kupunga upepo. Nusu saa nzima. Karudi shati limeshikana na mgongo, kazunguka ATM mbili, ananihesabia noti juu ya kaunta, na pembeni yake dada mwingine anachomeka kadi kwenye mashine. Alivyoniangalia mpaka leo sijasahau.

Kilichotokea ni kwamba Mmarekani akiongea kawaida "can" anaipakata, inabaki "kn". "Can't" haipakatwi hata siku moja, ina irabu kamili, na t ya mwisho anaimeza. Kwa hiyo hasikilizi t, anasikiliza uzito. Mi nimeipa uzito, tena nimeanza na "no", babu kaelewa kinyume na wala hakukosea. Sahivi nasema "you kn PAY by card", na nikiwa nakataa nasema "cannot" yote mpaka mwisho. Waingereza wengi afadhali, wao wanavuta, "kaant", inajitofautisha.

Mazoezi yake: chukua sentensi moja, igonge meza kwa kidole kwenye maneno makubwa tu, na madogo yapite katikati ya pigo na pigo bila kuchelewesha kidole. "I WENT to the BANK for some CASH." Mapigo matatu. Kidole kikichelewa kuna mtoto kakaa siti.

Unaongea haraka lakini hueleweki

Hii fupi. Umesikia wenyewe wanakimbia na wewe ukakimbia. Wao hawakimbii, wanapakata. Punguza spidi, gawa sentensi vipande vya pumzi, ndani ya kipande unganisha, mwisho wa kipande simama kabisa. Vijana wa mjini ndo wanaumwa sana hii.

Stori ya jana inasikika kama ya leo

"Yesterday I walk, I ask, I want." Unajua kanuni ila mdomo unaidondosha, au ukikumbuka unasema "wok-edi". Mkia wa -ed una sauti tatu: ni t baada ya sauti zisizo na mtetemo kooni kama k, p, s, ni d baada ya zenye mtetemo na irabu, na silabi nzima "id" ni pale tu neno linapoishia kwa t au d, kama "wanted" na "needed". "Asked" ni silabi moja. Njia rahisi ni kumkabidhi jirani tena, yaani neno linalofata, "walked in" iwe "wok-tin", "moved on" iwe "muv-don". Jirani akiwa konsonanti usijiue, "walked to" hata wao inasikika "wokto", wakati uliopita unajulikana kwa stori yenyewe.

Th, na ndugu zake

Kila mwalimu anaanzia hapa, mi naiweka nyuma. Kiswahili tunazo zote mbili, th ya thelathini na dh ya dhahabu. Ukisema "selasini" na "zahabu" utasema na "senk yu" na "zis", kwa hiyo rekebisha Kiswahili kwanza, ncha ya ulimi kwenye meno, Kiingereza kitafata. London kuna watu kibao wanasema "fink" na maisha yanaenda. Ya l na r ipe muda zaidi, hiyo inabadilisha maneno.

Irabu ni jambo zito zaidi ya th. Sisi tano, Uingereza ile ya vitabuni inahesabiwa kama 20. Ushahidi upo kabatini kwako: "shirt" na "skirt" wenyewe wanazitamka kwa irabu moja, sisi tukaita shati na sketi, a huku, e kule, na "nurse" tukamwita nesi. Sikio lilikosa pa kuiweka ile sauti likaitupa popote. Kuanza, hangaika na urefu tu, "ship" fupi na legevu, "sheep" ndefu. Neno likikusumbua kuna tovuti ya YouGlish, unaliandika inakuletea video za watu halisi wakilisema ndani ya sentensi, ndani ya sentensi ndo muhimu maana kamusi inakupa neno likiwa limesimama peke yake.

Sasa ile rekodi

Isikilize. Usihukumu lafudhi, sisi Wabongo tutasikika Wabongo na hakuna ubaya. Tafuta dalili moja inayojirudia kuliko zote, shughulika na hiyo wiki mbili, zingine ziache zijifie. Mi nilifanyia kwenye mwendokasi Kimara mpaka Kivukoni, klipu ya sekunde ishirini masikioni, naifata nyumanyuma kwa kunong'ona, jirani anajua nasali. Kama unakimbizana na IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, kuongea ni dakika 11 mpaka 14 na matamshi ni robo ya alama ya hapo, ila kwenye kusikiliza rekodi inapigwa mara moja tu, kwa hiyo ile imla ya sekunde kumi usiiruke.

Kuna kitu walimu wa mtandaoni hawasemi. Kuunganisha kote huku ni cha sikio kwanza, mdomo baadaye. Unayeongea naye akiwa naye kajifunza, Mchina, Mturuki, Mkongo, ukimpakatia kila kitu "a-kapa-tii" unampoteza. Huyo mpe maneno yaliyosimama, mkazo mahali pake.

Na kama umefanya haya mwezi mzima bado husikii s wala f, kagua vifaa. Hedifoni za elfu tatu upande mmoja umekufa usitegemee muujiza. Hata simu ya kawaida ile ya kupiga kwa laini, mtandao wake wa zamani unapitisha sauti kuanzia kama hertz 300 mpaka 3,400 (hertz ndo kipimo cha unene na wembamba wa sauti), na sehemu kubwa ya s inaishi juu ya hapo, kwa hiyo s na f kwenye simu zinafanana hata kwa Mwingereza mwenyewe, ndo maana wanataja majina herufi kwa herufi.

Dada wa kava nilimweleza hii ya hertz akanisikiliza mpaka mwisho. Siku hizi anaongea na Mchina wake vizuri tu, fifTIIN inatoka, "one five" inatoka, alafu akikata simu anamtumia meseji: 15. Anarudishiwa dole gumba.